Glavu Mbili za Beisiboli

Mchoraji wa Marekani Norman Rockwell akitajwa, wengi wanakumbuka ile picha yake ya 1964, Ruby Bridges katoto keusi ka miaka 6 kenye gauni jeupe kanaenda shule ya wazungu New Orleans katikati ya maafisa wanne wa serikali, ukutani nyanya imepasukia hapo na tusi la kibaguzi limeandikwa. Picha nzito sana, na wale maafisa vichwa havionekani, kawakatia mabegani ili jicho lako libaki kwa mtoto. Ila mimi inayonikaa moyoni ni ya 1967 aliyoichorea jarida la Look, ya watoto weusi waliohamia mtaa wa wazungu.

Humo hakuna askari wala tusi. Ni Park Forest, nje kidogo ya Chicago, lori la kuhamisha vyombo limepaki, watoto wawili weusi upande huu, watatu wa kizungu upande ule, wanaangaliana tu. Msichana kakumbatia paka mweupe. Kaka mtu ana glavu ya beisiboli, na ukicheki upande wa pili kuna mwenzake naye ana glavu, hapo ndo naumia maana mchezo tayari upo, bado tu mtu mmoja afungue mdomo aseme njooni tucheze.

Mimi nilihama mtaa nikiwa darasa la tatu, nikawa nasimama mlangoni wenzangu wanacheza kombolela, na kombolela naijua vizuri tu, ila siitwi na kuomba naogopa. Zile hatua nne tano zilikuwa ndefu jamani! Na hapo rangi yetu moja, sasa wale wa Park Forest je?

Kinachonisikitisha ni kwamba Rockwell alichorea jarida la Saturday Evening Post miaka 47, majalada zaidi ya 300, na utaratibu wa pale mtu mweusi achorwe akiwa mtumishi tu. Kwa hiyo utoto wote ule wa Kimarekani aliowapa watu waupende, watoto weusi karibu hawamo. Aliondoka pale 1963, ana miaka 69. Alichelewa, nasema hivyo na bado nampenda.

Kwa nyuma kwenye ile picha ya Park Forest, dirishani, kuna uso unachungulia. Naukodolea macho huo kuliko hata watoto, maana wale watano ukiwaacha nusu saa wameshagawana timu, ila wa dirishani bado hajatoka nje.