Kisumu Ianzie Kwenye Ramani za Nyumba

Mjini Kisumu, anayejenga nyumba ya kupangisha siye anayenunua tokeni za umeme. Mwenye ploti akiezeka mabati bila dari ili apunguze gharama, au akiyaelekeza madirisha makubwa ya vioo magharibi kwa sababu barabara iko upande huo, yeye hapati hasara. Hasara humwangukia mpangaji, ambaye kuanzia saa nane mchana hadi jua linapotua hukaa kwenye joto akiwasha feni na, akijaliwa uwezo, kiyoyozi. Kumhimiza mpangaji huyo abane matumizi ya umeme ni kumtwika mzigo ambao hakuufunga yeye.

Naamini serikali ya kaunti inaweza kulirekebisha jambo hili vizuri kuliko serikali kuu ya Nairobi. Wengi hudhani kwamba umeme ni shughuli ya Wizara ya Nishati na Kenya Power pekee, ilhali Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linautaja udhibiti wa nishati miongoni mwa majukumu ya kaunti, na Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati. Tena ni kaunti inayopitisha ramani za majengo, na uamuzi unaofanywa kwenye karatasi hizo hudumu kwa muda wote jengo litakaposimama.

Kisumu imekaribiana mno na ikweta. Jua la asubuhi hupiga ukuta wa mashariki na la alasiri ukuta wa magharibi, huku kuta za kaskazini na kusini zikipata nafuu. Nyumba ikilazwa kutoka mashariki hadi magharibi, madirisha yake yakatazama kaskazini na kusini, na upepo wa Ziwa Victoria ukapata njia ya kuingilia na ya kutokea, joto hupungua kabla swichi yoyote haijaguswa. Katika ploti finyu ambapo nyumba haiwezi kugeuzwa, baraza au miti upande wa magharibi husaidia sana. Wachoraji wa ramani wanayajua haya yote, lakini ni nadra wadaiwe kuyatumia.

Basi kaunti iyadai, na papo hapo imtuze anayeyatimiza. Barcelona, kuanzia mwaka 2000, ililazimisha majengo mapya yapate sehemu kubwa ya maji yake ya moto kutokana na jua, na hiyo ilikuwa amri ya baraza la mji, si ya serikali kuu ya Uhispania. Kwetu ningependa ada ya kupitisha ramani ipunguzwe kwa jengo linalokidhi masharti ya kivuli, hewa na dari, na mwenye nyumba kuukuu anayeweka dari au mtambo wa kupasha maji kwa jua apunguziwe kodi ya ardhi kwa miaka michache. Kanuni za kitaifa za 2012 za usimamizi wa nishati zinawabana wale wanaotumia kuanzia yuniti 180,000 kwa mwaka, yaani viwanda na majengo makubwa; nyumba za kupangisha za mitaa yetu ya Kondele na Manyatta hazimo kabisa.

Kaunti nayo ijikague. Maji yanayosukumwa kutoka ziwani pale Dunga hupanda kwa nguvu za umeme, kwa hiyo kila bomba linalovuja mtaani linamwaga stima pamoja na maji.

Najua hofu mbili zitatajwa. Ya kwanza ni mapato, nayo ina uzito, ila punguzo la ada ya ramani hutolewa mara moja tu, na lile la kodi ya ardhi hukoma baada ya miaka michache. Ya pili, inayonisumbua zaidi, ni upendeleo: kwamba msamaha utawaendea wenye jamaa ofisini. Katiba imelitazama hilo katika Kifungu cha 210, kinachokataza kodi au ada kusamehewa nje ya sheria na kinachotaka kila msamaha wa kodi uwekwe kwenye rekodi ya umma pamoja na sababu yake. Kwa hiyo punguzo liandikwe ndani ya Sheria ya Fedha ya kaunti, mkaguzi alione jengo lililokamilika kabla punguzo halijatolewa, na orodha ya walionufaika ibandikwe katika kila ofisi ya wadi. Muswada wa Fedha unapoletwa kwa wananchi kutoa maoni, wenye majengo huwa hawakosi kufika. Ningeomba wapangaji nao wafike, na wadai kifungu hicho cha punguzo.