Lumbesa, Kidole Gumba na Mama Mkwe

Mimi nauza vitunguu katika soko la Kilombero, hapa Arusha, na tangu nipate akili sijawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza niliyotajiwa. Kila yalipozuka mabishano kuhusu nani atusimamie matibabu, serikali au soko, nilikuwa upande wa soko kabla swali halijamalizika. Hali hiyo iliendelea mpaka siku gunia la lumbesa, lile la kujazwa kupita kipimo, liliponiangukia kidole gumba cha mguu.

Nilikimbizwa hospitali binafsi kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na kelele zangu. Binti wa mapokezi, mwenye adabu kubwa, aliniuliza kabla ya kuutazama mguu: "Baba, una bima au unalipa taslimu?" Daktari akaandika eksirei, kipimo cha damu na kipimo cha mkojo, na mpaka leo sijaelewa mkojo uliingiaje katika ajali ya gunia. Nilipoambiwa jumla ni shilingi 120,000, nilifanya kama nifanyavyo kila siku: nikashtuka kwa sauti, nikajifanya naondoka (ingawa kuondoka kwa mguu mmoja huchukua muda na hakumtishi mtu), kisha nikarudi na kumwambia binti kwamba ikiwa eksirei moja ni 30,000, basi nipigwe mbili kwa 40,000. Alinitazama kwa huruma, na nadhani hiyo huruma ndiyo huduma pekee ambayo haikuandikwa kwenye ankara.

Kwenye meza yangu mteja hukibonyeza kitunguu, hukinusa, huuliza kwa jirani, na akiudhika huenda zake. Hospitalini muuzaji ndiye anayekuambia unahitaji nini, nawe huna namna ya kujua kama amekupimia sawasawa au amekufungia lumbesa, kwa maana mgonjwa hana mzani, na aliyepondeka kidole hazunguki mjini kulinganisha bei. Nililipa zote.

Wiki iliyofuata kidonda kilitunga usaha, na kwa kuwa mfuko ulikuwa umekauka, nikahamia upande wa pili wa siasa. Nilifika hospitali ya serikali saa kumi na mbili asubuhi nikapewa namba 43. Kwenye benchi nilibanwa kati ya mwalimu mstaafu na kijana wa bodaboda aliyefungwa hogo mkononi, nao walikuwa wameshaanza bunge lao. Mwalimu alieleza kwamba mji huu huu ndiko lilikotoka Azimio la Arusha mwaka 1967, kwamba mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali binafsi za kutafuta faida, zikabaki za serikali na za mashirika kama ya dini, kwamba mwaka 1991 mlango ukafunguliwa tena, na mwaka 1993 tukaanza kuchangia gharama hata kwenye hospitali za umma. Kijana akajibu kwamba kule Marekani soko limeachiwa nafasi, ndiyo maana wana mashine za kila aina. Mwalimu akamwambia kwamba Marekani hutumia zaidi ya asilimia 16 ya pato la taifa kwa afya, na bado mamilioni hawana bima hata baada ya sheria yao ya bima ya mwaka 2010, ilhali Uingereza tangu mwaka 1948 mgonjwa huonwa na daktari bila kudaiwa senti mlangoni, kwa sababu kodi imeshalipa. "Sasa foleni je?" aliuliza kijana. Mwalimu, ambaye ni mtu mkweli, alikiri kwamba mwaka 2023 waliokuwa wakisubiri matibabu huko England walipita milioni 7. Nilitazama namba yangu 43 nikajiona mheshimiwa.

Niliingia saa nane mchana. Daktari alikisafisha kidonda kwa uangalifu ambao sikuupata kwa zile 120,000, nikalipa kidogo, nikaenda dirisha la dawa, nako nikaambiwa: "Hii imeisha, Baba, kanunue duka la nje." Hivyo serikali nayo ilinisindikiza hadi getini na kunikabidhi tena kwa soko.

Wakati huo huo simu ililia: kamati ya send-off ya binti wa jirani ilinikumbusha ahadi yangu ya shilingi 100,000. Nilituma papo hapo, kwa aibu. Mwalimu, aliyekuwa akichungulia simu yangu bila kificho, aliniuliza kama nilipata kujiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao kaya ya watu sita ilikuwa ikilipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Nilimjibu kwamba sikuona sababu ya kulipia ugonjwa ambao sijaupata. Akaniuliza kuhusu chama cha kufa na kuzikana. Huko nalipa kila mwezi bila kukosa, na sijafa hata mara moja. Akasema ndiyo maana sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023 inamtaka kila mtu ajiunge, kwa sababu mfuko wanaoukimbilia wagonjwa peke yao haudumu. Mimi sipendi kulazimishwa, lakini mguu ulikuwa umenyooshwa mbele yetu sote, nikaona ninyamaze.

Nyumbani nilitangaza kwamba tunajiandikisha. Tatizo ni kwamba tuko saba: mimi, mke wangu, watoto wanne na mama mkwe. Nikapendekeza, kwa heshima zote, kwamba mama aachwe, kwa kuwa sera inawasamehe malipo wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza.

"Asiyejiweza ni nani hapa, baba Neema?" aliuliza, huku akiinuka na debe la maji bila kushika ukuta. "Mimi niandikeni. Yeye aendelee na soko lake, si anajua kupatana bei?"

Mke wangu ameshaandika majina sita kwenye karatasi, na mpaka sasa sijaruhusiwa kuiona.