Mkono wa Mtu Mzima Haumalizwi na POP

Bana kiwiko ubavuni, nyoosha kigasha mbele, kisha geuza kiganja kitazame juu, halafu chini. Kazi hiyo ni ya mifupa miwili: radiasi, ulio upande wa kidole gumba na uliopinda kidogo, unauzunguka ulna, ulio upande wa kidole kidogo. Upinde wa radiasi ukipotea, kiganja hakigeuki sawasawa. Kukinga maji ya kunawa uso au kupokea chenji kunakuwa shughuli.

Ndiyo maana napinga kwa nguvu zote tabia ya kumfunga POP (plasta ngumu) mtu mzima aliyevunjika mifupa yote miwili ya kigasha, vipande vikaachana kabisa, na kumwambia arudi baada ya wiki sita. Kwa mtoto mara nyingi inatosha, mifupa bado inakua na hujinyoosha. Ya mtu mzima haijinyooshi. Misuli inaivuta humo humo ndani ya POP, inaunga upande. Huyu anahitaji upasuaji: mifupa irudishwe mahali pake, kila mmoja uwekewe bamba la chuma na skrubu.

Linaloniuma zaidi ni picha. Eksirei inapigwa pale palipovimba tu, ulna unaonekana umevunjika, basi. Kumbe huku juu kichwa cha radiasi kimechomoka kiwikoni. Giovanni Battista Monteggia, daktari wa Milan, alieleza jeraha hili mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa! Leo mashine tunazo, na bado linatupita. Upande wa kifundo cha mkono nako kuna mtego wake: radiasi umevunjika, kiungo cha chini kati yake na ulna kimeachia. Picha isiyoonyesha kiwiko na kifundo irudiwe. Mgonjwa ana haki ya kuidai.

Najua vyuma ni ghali, na wapo wanaolala wodini wakisubiri ndugu wachange. Lakini mkono uliounga vibaya nao una gharama, hasa kwa fundi au mama lishe, na kuuvunja upya ili kuunyoosha ni upasuaji mgumu zaidi.

Halafu kuna kiwiko chenyewe. Hukakamaa upesi mno kikiachwa kimefungwa. Faida kubwa ya vyuma vilivyokazwa vizuri ni kwamba mgonjwa anaanza kukunja na kunyoosha mapema, mara nyingi ndani ya siku chache. Kwa hiyo kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani, muulize daktari unaanza lini, unaruhusiwa kukunja hadi wapi, na akuandikie rufaa ya mazoezi tiba karibu na unakoishi.