Nyigu wa majarubani na bomba la mgongoni

Ukipita majaruba ya mpunga ya Mabogini, nje kidogo ya Moshi, wiki chache baada ya watu kupandikiza, utamkuta mkulima na bomba la dawa mgongoni hata kabla hajamwona mdudu. Muulize, atakujibu: "Sasa ndugu yangu, nisubiri niliwe?" Wala si ujinga. Pembejeo amekopa, maji ya skimu ni ya zamu, na hasara ikija hadaiwi bwana shamba, anadaiwa yeye.

Tatizo ni kwamba dawa yake mara nyingi haimpati anayetafutwa. Kipekecha shina, yule funza wa nondo, akishazama ndani ya bua, amejifungia mlango. Anayejua kumfuata humo ni nyigu mweusi wa milimita 2 au 3, asiye na habari ya kumuuma mtu. Nyigu huyo, Cotesia flavipes, huingia kwa tundu lile lile alilotoboa funza, akamtagia mayai mwilini. Vibuu humla funza angali hai, kisha hutoka na kujisokotea vifuko vyeupe, ambavyo mtu asiyevijua ataviponda akidhani ni mayai ya adui. Nyigu wengine, Telenomus na Trichogramma, wao hawangoji funza azaliwe. Hutaga ndani ya mayai ya nondo.

Wanaosema "tuletewe nyigu" nao wapunguze kasi. Cotesia huyo alitoka Pakistan, na mwaka 1993 ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, ikamwachia pwani ya Kenya apambane na kipekecha shina aitwaye Chilo partellus, mgeni mwenzake kutoka Asia. Alifaulu. Lakini akitaga ndani ya Busseola fusca, funza wa mahindi wa nyanda za juu, mwili wa funza huyazingira mayai yake yakafa. Basi swali ni nyigu yupi, kwa mdudu yupi.

Tena nyigu haliponyi bua ambalo moyo wake umeshakauka. Anapunguza kizazi kinachofuata tu. Kimyanga ni ugonjwa wa virusi, haumhusu. Ndege kweleakwelea ndiyo kabisa.

Hata hivyo, mizani yangu inalalia kwa nyigu, na sababu ni Indonesia. Huko dawa ziliua wadudu marafiki, vidudu vya kahawia vinavyofyonza mpunga vikafumuka kuliko mwanzo, hadi mwaka 1986 serikali ya Suharto ikapiga marufuku viuatilifu 57 kwenye mpunga. Walichokuwa wakikiua kwa bomba ndicho kilichokuwa kikiwalinda bure.

Kwa hiyo nisingeanza na kuagiza nyigu. Wengine wako majarubani tayari. Ningeanza na kuwaacha hai siku 40 za kwanza, wakati mpunga mchanga bado una nguvu ya kutoa machipukizi mapya kufidia yaliyokatwa. Baada ya hapo hesabu hubadilika, maana shuke likishakuwa jeupe na tupu halirudi, na mwenye kuona mashambulizi makubwa simlaumu akichukua bomba.

Kigumu ni jirani. Majaruba yamebanana, na ukiacha kupiga wewe mmoja, upepo utakuletea dawa ya mwenzako. Uamuzi huu unahitaji kikao. Bahati nzuri kikao kipo: watu wanaotumia mfereji mmoja hukutana kupanga zamu za maji, na hapo hapo wanaweza kukubaliana tarehe ambayo bomba la kwanza litaruhusiwa kutoka stoo.