Asbesto iachwe ilipo au ing'olewe?

Jengo la zamani likigunduliwa kuwa na asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi yaliyochanganywa kwenye vifaa vya ujenzi, watu hugawanyika mara moja. Wapo wanaotaka iondolewe yote, na wapo wanaosema iachwe ilipo maadamu haijaharibika na hakuna anayeigusa. Nimeupima ubishi huu kwa muda mrefu na naona kila upande una ukweli wake. Ila wale wa kuiacha wanatoa ahadi kubwa, na ahadi hiyo haikaguliwi inavyostahili.

Hoja yao ni hii: asbesto humdhuru mtu kwa kuvutwa na pumzi. Nyuzi zake ni nyembamba kiasi kwamba jicho haliwezi kuzibaini moja moja, huzama ndani kabisa ya mapafu, na mwili hushindwa kuzivunja. Bamba la saruji yenye asbesto ambalo halijapasuka hutoa nyuzi chache mno. Lipige nyundo au ulikate kwa msumeno wa umeme, na vumbi lenye nyuzi litajaa hewani kwa dakika chache. Kwa hiyo uondoaji wa ovyo unaweza kuwadhuru watu kuliko miaka mingi ya kukaa chini ya paa lilelile. Ndiyo maana Uingereza, iliyokamilisha marufuku ya aina zote mwaka 1999, haiwalazimishi wenye majengo kung'oa iliyo katika hali nzuri. Sheria inawataka wasimamizi wa majengo yasiyo makazi wajue ilipo, waiandike kwenye rejista, waikague, na wamwarifu kila fundi anayekuja kufanya kazi humo.

Hadi hapo sina ubishi. Shida inaanza pale neno moja linapobeba vitu vya hatari tofauti kabisa. Katika mabati ya saruji, asbesto kwa kawaida ni takriban asilimia 10 hadi 15, nayo imeshikwa na saruji. Vifuniko vya kuzuia joto kwenye mabomba na boila, na ile iliyopulizwa juu ya nguzo za chuma kuzikinga na moto, vinaweza kuwa na kiasi kikubwa zaidi na humeguka kwa vidole. Anayesema "iacheni tu" bila kueleza anazungumzia kipi hajasema kitu.

Na kuitambua asbesto hakuwezekani kwa kutazama. Mwaka wa ujenzi hutoa dokezo, pamoja na mahali penyewe: dari, vigae vya sakafu na gundi iliyo chini yake, rangi nzito zenye mikunjo, mbao za kuzuia moto, matangi ya maji. Lakini watu hutaja aina zake kwa rangi, asbesto nyeupe, kahawia na buluu, wakidhani rangi hizo zitaonekana ukutani, ilhali kwenye bidhaa iliyokwisha kuchanganywa hazikusaidii. Jibu linatoka maabara, chini ya hadubini, kwa sampuli iliyochukuliwa na mtu aliyefunzwa, mahali palipoloweshwa kwanza na kuzibwa baadaye. Kabla ya majibu, ichukuliwe kuwa ni asbesto. Tena sampuli moja safi haisafishi jengo zima, kwa kuwa chumba cha pili kinaweza kuwa kilikarabatiwa mwaka mwingine kwa vifaa vingine.

Wanaodai ing'olewe yote nao wana la kujibu. Mjini Canberra, Australia, nyumba zaidi ya elfu moja zilijazwa darini asbesto huru, yaani nyuzi zisizoshikwa na saruji wala kitu kingine, katika miaka ya 1960 na 1970. Serikali iliilipia kazi ya kuiondoa, ikamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1990, na familia zikaendelea na maisha. Baadaye nyuzi zilikutwa ndani ya kuta na chini ya sakafu, na mwaka 2014 serikali ikaamua kuzinunua nyumba hizo na kuzibomoa. Kwa hiyo kung'oa nako si tamati ya hatari, hasa nyenzo ikiwa imeshapenya kwenye mianya.

Hata hivyo mizani yangu inaelemea upande wa kuiondoa kwa mpango, na sababu yangu ni muda. Mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu, hujitokeza miaka 20, 40 au zaidi baada ya mtu kuvuta nyuzi. Fundi anayetoboa ukuta leo hahisi lolote: hakohoi, haumwi. Mwili wake haumpi onyo, kinachoweza kumwonya ni ile rejista peke yake. Sasa jengo huuzwa, msimamizi hustaafu, faili hupotea katika kuhama ofisi. Kuiacha asbesto kunadai kumbukumbu isiyokatika kwa miongo kadhaa, na taasisi chache zina kumbukumbu ya namna hiyo. Uingereza bado inapoteza watu zaidi ya 2,000 kila mwaka kwa mesothelioma, na miongoni mwao wamo maseremala, mafundi bomba na mafundi umeme waliokuwa wakikarabati majengo ya watu wengine.

Poland imejiwekea lengo la kuimaliza ifikapo 2032. Mwaka 2022 kamati ya bunge la Uingereza ilipendekeza iondolewe yote ndani ya miaka 40 katika majengo yasiyo makazi, serikali ikakataa. Uholanzi, seneti iliuzuia mwaka 2019 mswada wa kupiga marufuku mapaa ya asbesto. Wapinzani wa tarehe za mwisho wanahofia kuwa haraka itazaa wakandarasi wasio na ujuzi na taka kutupwa kichakani. Hofu hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni kupanga zamu: kinachomeguka kwa urahisi kitoke kwanza, shule zitangulie, kwa kuwa mtoto ana miaka mingi mbele yake ya ugonjwa kukomaa. Paa la saruji lililo imara lingoje siku ya kuezekwa upya, mradi tarehe ya ukaguzi unaofuata na jina la mhusika vimeandikwa.

Na popote inapong'olewa, mkandarasi aliyeifanya kazi asiachiwe kujipima. Hewa ipimwe na mtu asiyelipwa naye, kabla mapazia ya plastiki yaliyozunguka eneo hayajateremshwa.