Habari za kampeni zifuate vipaumbele vya wapiga kura?

Kila msimu wa uchaguzi Marekani, vyombo vya habari hupigwa kwa lawama ileile: watu wanalia na bei za vitu na gharama za matibabu, nyie mnaandika nani kamkejeli nani. Dawa inayopendekezwa nayo haibadiliki. Waulizeni wapiga kura kinachowagusa, kisha gaweni kurasa na dakika kulingana na majibu yao. Kwa masikio ya wengi hiyo ni haki tupu. Tatizo ni kwamba dawa hii inachukulia kuwa vipaumbele vimeshapangwa vichwani mwa watu, vinangoja kuulizwa. Kumbe sehemu kubwa ya mpangilio huo huzaliwa na swali lenyewe, na nyingine huzaliwa na habari walizozisoma wiki iliyopita.

Wenye kudai mabadiliko, hata hivyo, hawana haja ya kutafuta ushahidi mbali. Kituo cha Shorenstein cha Chuo Kikuu cha Harvard kilichambua habari za kampeni ya urais ya 2016 na kukuta misimamo ya kisera imepata takriban asilimia 10 tu ya habari, huku nani anaongoza na nani anaporomoka ikimeza zaidi ya asilimia 40. Mwaka huohuo kampuni ya utafiti wa maoni ya Gallup iliwauliza Wamarekani wamesoma, wameona au wamesikia nini karibuni kuhusu wagombea wawili wakuu. Kwa Hillary Clinton, neno lililoyafunika mengine yote lilikuwa barua pepe, yaani sakata la kutumia seva binafsi alipokuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Wakati huo alikuwa na mpango ulioandikwa, wenye tarakimu, wa kuhakikisha gharama za malezi ya watoto wadogo hazizidi asilimia 10 ya kipato cha familia. Mzazi aliyetaka kuulinganisha na mpango wa mpinzani wake, Donald Trump, alilazimika kuuchimbua mwenyewe. Hata mtetezi mkubwa wa uhuru wa mhariri hana jibu zuri hapo.

Isitoshe, dawa hiyo imewahi kujaribiwa. Mwaka 1992 gazeti la Charlotte Observer la North Carolina lilihoji wakazi wapatao 1,000, likapanga habari za kampeni kwa kufuata masuala waliyoyataja, na likawapelekea wagombea maswali ya wasomaji. Mwanasiasa akikwepa swali, gazeti lilikuwa tayari kuacha nafasi tupu chini ya jina lake. Huo ni ufundi mdogo wenye makali: mgombea hawezi tena kuhamisha mazungumzo kwa kutoa tusi jipya asubuhi, maana ukurasa wa afya una tarehe yake na jina lake limo.

Sasa tazama upande wa pili, ambao kwa kawaida husemwa kwa sauti ya chini kwa sababu unaonekana wa kibwanyenye. Juni 17, 1972, watu watano walikamatwa usiku ndani ya ofisi za chama cha Democratic katika jengo la Watergate, Washington. Gazeti la Washington Post liliifuatilia habari hiyo kiangazi chote na vuli yote. Wapiga kura wengi hawakuitia akilini. Novemba Rais Richard Nixon, ambaye kampeni yake ilihusishwa na uvamizi huo, alishinda majimbo 49 kati ya 50. Kama dawati la uchunguzi lingegawiwa waandishi kwa kufuata vipaumbele vya Oktoba 1972, habari ile ingekosa hata mwandishi mmoja. Nixon alijiuzulu kwa kashfa hiyo Agosti 9, 1974. Mpiga kura hawezi kukipa kipaumbele kitu alichofichwa, na kufichua ndiyo kazi ambayo hakuna mwingine anayelipwa kuifanya.

Hoja hii ina nguvu, ila hutumiwa vibaya. Mhariri aliyejaza ukurasa wa kwanza maneno ya mkutano wa hadhara hawezi kujificha nyuma ya Watergate. Kufuatilia nyaraka kwa miezi na kurudia kejeli ya jana ni kazi mbili tofauti, hata kama zote mbili hazimo kwenye orodha ya wananchi.

Kinachoutatiza mjadala zaidi ni mzunguko ulioonyeshwa tangu 1968. Watafiti Maxwell McCombs na Donald Shaw waliwahoji wapiga kura 100 wa Chapel Hill, North Carolina, ambao walikuwa hawajaamua, kisha wakalinganisha masuala waliyoyataja na uzito wa masuala hayohayo katika magazeti na televisheni walizozitumia. Mpangilio ulikaribia kufanana kabisa. Matokeo yalichapishwa 1972, na wakosoaji wakauliza swali la haki: nani anamfuata nani? Miaka ya mwanzo ya 1980, watafiti wengine, Shanto Iyengar na Donald Kinder, walijibu kwa jaribio. Waliwaonyesha watu taarifa za habari za televisheni zilizochomekwa kimyakimya habari za ziada kuhusu suala moja, ulinzi wa taifa kwa mfano, kwa siku kadhaa mfululizo. Waliozitazama walilipandisha suala hilo katika orodha yao ya matatizo ya nchi. Kwa hiyo chumba cha habari kinachouliza vipaumbele katikati ya kampeni kwa kiasi fulani kinausikiliza mwangwi wake.

Halafu kuna swali lenyewe, na hapa ndipo habari nyingi za vipaumbele huharibikia. Uchaguzi wa 2004 ni mfano ambao haujazeeka. Wapiga kura waliotoka vituoni walipewa orodha ya masuala saba wachague moja lililoamua kura yao. Maadili yaliongoza kwa asilimia 22, uchumi na ajira vikapata 20, ugaidi 19, vita vya Iraq 15. Kwa wiki kadhaa wachambuzi waliandika kwamba Wamarekani wamepiga kura ya maadili. Taasisi ya utafiti ya Pew ilirudi kwa wapiga kura baada ya uchaguzi na kuwagawa mafungu mawili: fungu moja likapewa orodha, jingine likaachwa lijibu kwa maneno yake. Bila orodha, maadili yalishuka hadi karibu nusu na Iraq ikapanda juu. Chanzo cha tofauti hiyo si kigumu kukiona. Iraq na ugaidi vilitenganishwa, kwa hiyo mwenye wasiwasi wa usalama aligawanywa mara mbili, wakati maadili yalikuwa kapu moja lililomkusanya mpinga utoaji mimba, mpinga ndoa za jinsia moja na yule aliyemwona mgombea wake ni mtu mnyoofu.

Makosa ya hesabu huongezea hapo. Utafiti wa watu 1,000 una kiwango cha makosa cha takriban pointi 3 juu au chini kwa jibu lililo karibu na asilimia 50. Ukiwa na suala lenye asilimia 22 na jingine lenye 20 katika utafiti wa ukubwa huo, tofauti kati yao ina kiwango chake cha makosa cha takriban pointi 4, hivyo pointi 2 hazitoshi kusema lipi limeongoza. Ukishuka kwenye kundi dogo, tuseme vijana 100 waliomo ndani ya hao 1,000, kiwango cha makosa kinakaribia pointi 10. Vichwa vya habari vinavyotangaza kwamba vijana sasa wanajali hiki kuliko kile mara nyingi vimejengwa juu ya watu mia moja. Na hayo ni makosa ya bahati nasibu tu. Hayahesabu wale wasiojibu kabisa: kwenye tafiti za simu za Pew, kiwango cha waliokubali kuhojiwa kilishuka kutoka asilimia 36 mwaka 1997 hadi 6 mwaka 2018.

Hata jibu lililopatikana kwa njia safi linaweza lisiwe na maana tunayolipa. "Uchumi" ni neno pana mno. Wiki iliyotangulia uchaguzi wa 2016, Gallup ilikuta asilimia 16 ya Warepublican wakisema uchumi unaelekea pazuri. Wiki iliyofuata, baada ya ushindi wa Trump, mgombea wa chama chao, walikuwa asilimia 49. Mishahara na bei havibadiliki kiasi hicho ndani ya siku saba. Mtu anayesema ananung'unikia uchumi anaweza kuwa anasema bei ya mafuta, au anaweza kuwa anasema hampendi rais. Mwandishi atakayempelekea makala kumi kuhusu viwango vya riba huenda amekosa alichokuwa akikizungumzia.

Vilevile, suala linalotajwa na wengi si lazima liwe ndilo linalosogeza matokeo. Mwaka 2022 waandishi wengi wa Marekani walitabiri kwamba mfumuko wa bei utawasomba Wademokrat. Ulitajwa kweli kuwa suala kuu na asilimia 31 ya waliohojiwa baada ya kupiga kura. Utoaji mimba, miezi michache baada ya Mahakama Kuu kufuta haki yake ya kikatiba Juni 24, ulifuata kwa 27, na waliouchagua waliwapa Wademokrat takriban kura tatu kati ya nne. Warepublican walilipata Baraza la Wawakilishi kwa viti 222 dhidi ya 213, Seneti hawakuipata. Dalili ilikuwepo Agosti, pale wapiga kura wa Kansas, jimbo lisilojulikana kwa uliberali, walipokataa kwa asilimia 59 pendekezo la kuondoa ulinzi wa utoaji mimba katika katiba yao. Orodha ya vipaumbele hupima ukubwa wa suala, si iwapo litamtoa mtu nyumbani kwenda kupiga kura.

Mabishano ya mtandaoni yanaingia hapa kwa mlango wa nyuma, kwa sababu ndiyo njia ya mkato ya kujua watu wanasema nini bila kulipia utafiti. Pew ilipochunguza watumiaji wa Twitter (sasa X) wa Marekani mwaka 2019, ilikuta asilimia 22 tu ya watu wazima wanautumia mtandao huo, na kati ya hao asilimia 10 wanaoandika zaidi ndio wanaotoa asilimia 80 ya machapisho yote. Kwa hesabu ya haraka, hao ni takriban watu wazima wawili kati ya kila 100 nchini. Facebook nayo, kwa mujibu wa nyaraka za ndani zilizovuja 2021, kuanzia 2017 iliipa alama ya hasira uzito mara tano ya ule wa alama ya kupenda wakati wa kuamua nani aone nini. Uzito wa hasira uliondolewa 2020. Kinachoelea juu kwenye mtandao wa aina hiyo ni kile kinachochokoza, na mwandishi anayekiita "mjadala mkali nchini" anaripoti kazi ya mashine.

Sikubaliani, lakini, na wanaotaka mitandao ipuuzwe kabisa. Polisi alipomuua kijana Michael Brown huko Ferguson, Missouri, Agosti 9, 2014, habari ilisambaa Twitter kabla vituo vikubwa vya televisheni havijaigeukia kwa uzito. Kama kengele ya kumwamsha mwandishi aende mahali, mtandao unafaa sana. Kama mizani ya kupimia maoni ya umma, haufai hata kidogo.

Nikipima pande zote mbili, naona dawa ile inafaa kwa sehemu moja ya kazi: habari za kila siku za kampeni, yaani zile ambazo vinginevyo zingejazwa na nani anaongoza. Uchunguzi ubaki nje, na bajeti yake isiguswe na utafiti wowote wa maoni. Kwa sehemu hiyo moja, mambo machache huamua kama zoezi litasaidia. Swali liulizwe mapema, kabla ya kampeni kupamba moto, kisha lirudiwe kwa maneno yaleyale, ili mabadiliko yaonekane. Liulizwe wazi kwanza, orodha ije baadaye, na mpangilio wa orodha ubadilishwe kwa kila mhojiwa kwa sababu vilivyo mwanzoni au mwishoni huweza kuchaguliwa zaidi. Lifuatiwe na swali la pili ambalo watafiti wengi huliruka: ungependa mgombea akuambie nini hasa kuhusu hilo? Hili ndilo linaloligeuza neno "uchumi" kuwa kodi ya nyumba, bei ya dawa au mkopo wa chuo, na ndilo mwandishi anaweza kulipeleka kwa mgombea.

Msomaji naye anaweza kukagua kama gazeti lake limetimiza ahadi, bila taasisi yoyote. Chukua vyombo 3, habari 10 za juu za kila kimoja, kwa siku 7. Hizo ni habari 210. Kila habari iwekwe kwenye fungu moja kwa kusoma aya tatu za mwanzo: sera, mwenendo wa mgombea, au mashindano. Kosa la kawaida ni kuihesabu habari kwa mada yake badala ya kazi yake. Habari yenye kichwa cha uhamiaji inayoeleza jinsi hotuba fulani ilivyompandisha mgombea pointi mbili ni habari ya mashindano, haijalishi neno uhamiaji limetajwa mara ngapi. Mwombe mtu wa pili azipange habari 40 kati ya hizo bila kuona ulivyozipanga wewe. Mkitofautiana kwenye zaidi ya 8, andikeni upya maana ya kila fungu na mwanze tena kuhesabu.