Msilaumu simu picha za samaki zikiharibika, angalieni mmesimama wapi mbele ya kioo cha tangi

Mi naishi Moshi, Majengo, na sebuleni nina tangi la samaki ambalo kioo chake cha mbele kimebinuka kuja nje kama tumbo. Nilikipenda hicho kioo toka dukani na bado nakipenda, ila mwaka jana nusura kiniulie samaki na ndo maana naandika hii.

Nina mbuna wa njano, wale wa miamba ya Ziwa Nyasa. Jike mmoja nilimpiga picha akiwa amenielekea, mi nimekaa kwenye kochi nimevuta zumu mpaka mwisho, picha ikatoka ana tumbo pana kama limejaa maji. Nikawatumia jamaa wawili wazoefu, wote wakasema huyo kavimba, mtenge haraka, weka chumvi ya Epsom. Nikamtoa, akakaa kwenye ndoo siku mbili, rangi ikampauka, chakula hagusi. Siku namrudisha, mtoto wa dada yangu alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa tangi, akaniita, "Mjomba, mbona huku ni mwembamba?" Nikaenda kuangalia. Kweli bwana, kioo cha ubavuni ni bapa, na kwa hapo samaki alikuwa wa kawaida kabisa, hana uvimbe, magamba yamelala vizuri.

Iliniuma sana. Wale jamaa hawakukosea, walijibu kile walichokiona kwenye picha, na picha ndo ilikuwa ya uongo.

Watu wanadhani kioo ndo kinachopindisha, kumbe kazi kubwa inafanywa na maji. Mwanga ukitoka kwenye maji kuingia kwenye hewa unakunja njia, hata kwenye kioo bapa ukiangalia moja kwa moja samaki aliye sentimita 12 ndani anaonekana kama yuko 9. Sasa maji yakiwa nyuma ya kioo kilichobinuka yanakuwa lenzi, yanakuza kwa upana peke yake, urefu wa juu kwenda chini unabaki vilevile. Kwa hiyo samaki akikuelekea anaonekana mnene, akikaa ubavu anaonekana mrefu, na kadiri alivyo mbali na kioo ndo anazidi kuvutika. Yule wangu alikuwa nyuma kabisa karibu na mawe.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, picha ya kuombea ushauri wa ugonjwa ipigwe kwenye kioo cha ubavuni, basi. Mbele piga za uzuri tu.

Na hizo za uzuri zinawezekana kabisa ukikubali kusubiri. Simama pale ambapo kioo kinakutazama uso kwa uso, simu isiegemee kushoto wala kulia hata kidogo, maana ukipiga kimshazari picha inavutika na kingo za rangi zinatokea kwenye mapezi. Halafu usimfuate samaki na simu. Wewe tega hapohapo, msubiri apite karibu na kioo, sentimita tano hivi, ndo ubonyeze, na upige nyingi mfululizo. Mi kati ya picha hamsini napata mbili za maana na naridhika.

Kujiona mwenyewe kwenye kioo, dawa yake ni giza. Piga usiku, zima taa ya sebule na TV, bakiza taa ya tangi tu. Mi nimekata manila nyeusi, nikatoboa tundu la kamera, naibandika mbele ya simu kisha nasogea mpaka inakaribia kugusa kioo. Shilingi mia kadhaa pale stationari na imenisaidia kuliko simu niliyobadilisha. Flashi ya simu usiiwashe, inagonga kioo na kukurudia doa jeupe. Kabla ya hapo futa kioo nje kwa siki kidogo na gazeti, ndani kwangua ukungu wa kijani, zima pampu dakika chache mapovu yaishe, halafu usisahau kuiwasha!

Kuna mtu alinishauri filta ya polaraiza, ile ya kupunguza mwako kwenye kioo. Mi siishauri kwa kioo kilichobinuka, kwa sababu ukipiga uso kwa uso haiondoi kitu, inafanya kazi ukiwa umeegemea nyuzi hamsini na kitu, na hapo ndo picha inapindika vibaya zaidi. Kama simu yako ina modi ya pro, ile ya kujipangia kamera mwenyewe, na picha zinatoka na mistari ya giza, mara nyingi ni taa inapepesa, umeme wetu ni hezi 50 so jaribu shata 1/100, yaani kamera ifunguke sehemu moja ya mia ya sekunde, samaki akiwa ametulia inatosha.

Kitu kingine kinachonikera ni hizi picha za samaki zilizokolezwa rangi. Mtu ananunua samaki kwa kuangalia picha, anafika nyumbani na kitu kingine. Njano ya mbuna inatosha jamani, iacheni.

Yule jike yupo. Jumanne nilimpiga kwa ubavuni nikaikuza picha, chini ya kidevu kumetuna na hafungui mdomo kula, ana mayai mdomoni. Huwa wanakaa nayo wiki tatu mpaka nne. Manila nimeshaibandika ubavuni mwa tangi, na yule mtoto wa dada yangu kila akitoka shule anaanzia hapo kuchungulia.